Njaa ya Meza ya Saba

Kila siku ya likizo Chiriku aliamka kabla jua halijafika dirishani. Alikunja shuka lake, akasukutua, akafunga kitambaa kichwani mizunguko miwili ili nywele zisije zikaanguka kwenye chakula cha watu, kisha akamfuata mama yake mgahawani. Jina la Chiriku alipewa na majirani, maana tangu alipojua kusema hakujua kunyamaza. Alikuwa na miaka kumi na miwili, na hakuna neno aliloambiwa likakosa jibu.

Mgahawa wao ulikuwa mdogo lakini unapendeza. Ulikuwa na meza saba, kila moja imetandikwa kitambaa cha plastiki chenye maua, na viti vya mbao ambavyo hakuna viwili vilivyolingana. Sakafu ya saruji ilipigwa deki kila asubuhi mpaka ikang'aa. Jikoni kulikuwa nyuma ya ukuta, na katika ukuta huo palikuwa na kidirisha kisichozidi upana wa sinia. Hapo ndipo Mama alipopitishia sahani, na hapo ndipo alipochungulia meza zake.

Sasa, mlango wa pili palikuwa na mashine ya kusaga nafaka. Ikianza kunguruma, hata ukiitwa jina lako mara tatu husikii. Ndiyo maana Mama alibuni utaratibu wake mwenyewe. Juu ya kila meza aliweka kikombe kimoja cha bati, cha kijani, kimelala kifudifudi. Mteja akikaa na kikombe bado kimelala, maana yake hajasikilizwa. Mhudumu akishamsikiliza, anakisimamisha kikombe, anakitia maji ya kunywa, halafu anaandika chakula kilichoagizwa, bila namba ya meza, kwenye kikaratasi na kukichomeka msumarini, pale kidirishani. Mama akichungulia mara moja tu, anajua nani ameshasikilizwa na nani bado.

"Vikombe hivi ndivyo masikio yangu," alipenda kusema.

Mhudumu wao wa siku nyingi, Dada Mrefu, alikuwa amekwenda kwao kujifungua. Ndipo Chiriku alipopewa kazi ya mezani.

"Utaweza kweli?" Mama alimuuliza siku ya kwanza, akimfunga aproni iliyomfika magotini.

"Mama nawe! Meza saba tu! Nikifumba jicho moja naziweza."

"Usifumbe hata hilo moja. Na kuna jambo nakuambia, ulishike. Babu Dereva asisubiri. Yule ni mtu wa sindano. Akishajichoma sindano yake ya kisukari kule nyumbani, anakuja hapa moja kwa moja kula. Akikaa tu, sahani imfuate."

"Nimesikia, Mama."

Kusikia alisikia. Kutia maanani ndiko kulikokosekana.

Wiki ya kwanza mambo yalikwenda vizuri. Chiriku alikimbia huku na huko, aproni inampigapiga miguuni, na wateja wakamsifu. Lakini siku moja, saa saba ya mchana, meza zote zilijaa kwa mpigo. Huyu anataka wali na maharage, yule anataka supu isiyo na pilipili, watoto wawili wanapigania kiti, mtu amemwaga chai. Mama akachungulia, akagonga kidirisha kwa mwiko.

"Meza ya tatu kikombe kimelala! Ya tano kimelala! We mtoto, na wewe umelala nacho?"

Watu wakaangua kicheko. Fundi Cherehani, ambaye kibanda chake kilikuwa ng'ambo ya barabara na ambaye hakupitwa na mzaha, alipaza sauti, "Jamani, leo Chiriku kageuka kobe!"

Uso wa Chiriku ukawaka moto. Angeweza kusema, "Mama, nimezidiwa, nisaidie." Maneno matatu tu. Hakuyasema. Alikwenda meza ya tatu, akakisimamisha kikombe, akatia maji, akasema, "Nakuja sasa hivi." Akaenda ya tano, akafanya vivyo hivyo. Hakuwa amemsikiliza mtu yeyote, lakini mwiko ulinyamaza.

Siku ile aliwarudia wote, ingawa kwa kuchelewa. Kesho yake alifanya hivyo tena, hata kabla watu hawajawa wengi. Keshokutwa ikawa ndiyo desturi yake. Mtu anakaa, kikombe kinasimama, "Nakuja sasa hivi," naye Chiriku anatokea mlango wa nyuma. Huko nyuma, kwenye kivuli cha tangi la maji, binti wa Kinyozi, jirani yao, alikuwa akimsubiri na vijiwe vyao vya mdako. Wakirusha na kudaka, kurusha na kudaka, muda unapita kama maji kwenye tenga.

Wateja walingoja. Walitazama mlango, wakatazama saa, wakasukuma pembeni sahani chafu za waliowatangulia. Walioita hawakusikika kwa ajili ya mashine. Mwishowe walisimama wakaondoka, shingo zimewakakamaa kwa hasira.

Mama alimwona wa kwanza akiondoka.

"Yule Mwalimu wa meza ya pili mbona katoka bila kula? Alisemaje?"

Chiriku ndiyo kwanza alikuwa ameingia, viganja vina vumbi. Alificha mikono nyuma ya aproni. "Alisema... alisema mchuzi wa leo unanuka moshi."

Uongo huo ulimtoka upesi kuliko alivyotaka. Mama akainama juu ya sufuria, akanusa. Akachota kwa kijiko, akaonja, akafumba macho, akaonja tena.

"Unanuka moshi," alinong'ona. "Mbona mimi siusikii?"

Baada ya hapo Chiriku alilazimika kuwa na sababu kwa kila aliyeondoka, akawa anasingizia chakula walichokula mara iliyopita. Karani wa posta alisema wali umeiva kupita kiasi. Fundi Cherehani alisema maharage yana mchanga. Mama Muuza Vitabu alisema supu haina ladha, kama maji yaliyooshea vyombo. Hakuna hata mmoja aliyesema maneno hayo. Walichosema, walisema wakiwa barabarani: "Pale siku hizi unakaa mpaka unaota mizizi."

Mama naye aliamini. Kwa nini asiamini? Vikombe vilisimama, na aliyemletea habari ni mwanawe wa kumzaa. Akaanza kuamka mapema zaidi. Alisugua sufuria kwa majivu mara mbili, mpaka ngozi ya vidole ikachubuka. Alichambua maharage punje moja moja, amesogea karibu na taa, macho yamemwiva. Alibadili chumvi, akabadili mafuta, akabadili hata kuni. Alimwita mke wa Kinyozi aonje, na mke wa Kinyozi aliposema, "Shoga, chakula kitamu hiki," Mama hakumsadiki.

"Unanionea huruma tu," alisema. "Ulimi wangu umekufa. Mpishi aliyekufa ulimi ni sawa na fundi kipofu."

Jioni moja Chiriku alimkuta jikoni amekaa juu ya kigoda, mikono ameilaza mapajani, viganja vikitazama juu. Alikuwa akivitazama kama vitu vya mtu mwingine.

"Chiriku, mwanangu, mikono hii imenilisha tangu nilipofiwa na baba yako. Sijui imenikosea nini."

Chiriku alifungua kinywa. Akachukua sahani iliyokuwa safi tayari, akaifuta tena. Akasema, "Labda kesho watakuja, Mama."

Hawakuja. Kufikia Jumatano, meza nne zilishinda tupu. Jioni hiyo Mama alizungumza bila kumtazama.

"Kule wanakojenga barabara, mwendo wa siku nzima kwa basi, wanatafuta mpishi wa kambi. Wanaume wa pale wamechoka, watakula chochote. Msimamizi wao anapita Jumamosi kuchukua jibu langu. Nitafunga hapa."

"Na mimi?"

"Kambini hawapokei watoto. Utakaa kwa shangazi yako mpaka... mpaka tuone."

"Mpaka lini, Mama?"

Mama aliinua mfuniko wa sufuria iliyokuwa tupu, akaufunika tena. "Mpaka tuone, nimekwambia."

Usiku Chiriku alilia kimya kimya, shuka ameliuma kwa meno. Alijua dawa ya jambo lile. Ilikuwa mdomoni mwake mwenyewe. Lakini kila alipofikiria jinsi Mama atakavyomtazama, aliona afadhali hata huko kwa shangazi. Hofu ndivyo ilivyo, humfanya mtu achague shimo refu kwa kuliogopa fupi.

Basi ikafika Alhamisi. Babu Dereva alifika saa sita na nusu, kama kawaida yake. Alikuwa mzee mjane aliyeendesha malori maisha yake yote, na aliishi nyumba ya nne kutoka mgahawani. Siku zote alikaa meza ya kwanza, mbele ya kidirisha, ambako Mama akimwona tu anampakulia mwenyewe. Siku hiyo meza ya kwanza ilikuwa imekaliwa na wasafiri wawili na mizigo yao. Akaenda meza ya saba, ile ya pembeni kabisa, nyuma ya nguzo. Kutoka kidirishani mtu aliyekaa pale huonekana bega tu, kikombe chake na sahani iliyo mbele yake.

Mezani palikuwa na sahani chafu, mifupa na mabaki ya wali, ya mtu aliyekula asubuhi. Chiriku hakuwa ameiondoa.

"Shikamoo, Babu."

"Marahaba, mjukuu wangu. Niletee wali na mboga upesi, nimeshajichoma tayari."

"Nakuja sasa hivi." Kikombe kikasimama, maji yakamiminwa.

Alidhamiria kweli kumletea. Lakini binti wa Kinyozi alikuwa akimpungia mkono mlangoni. "Njoo umalize zamu yako, au umeshindwa?"

"Nishindwe na wewe? Mara moja tu!"

Mara moja ikawa mbili, mbili zikawa sita. Mashine ikanguruma. Ndani, Babu Dereva aliita mara ya kwanza, akaita mara ya pili. Mama alichungulia, akaona kikombe cha meza ya saba kimesimama na sahani iko mbele ya mtu, akashukuru moyoni kwamba leo angalau kuna anayekula. Akarudi motoni.

Chiriku aliporudi alimkuta mzee ameegemeza kichwa mezani. Kofia ilikuwa imeanguka kwenye mabaki ya wali. Shati lilikuwa limelowa jasho kama amenyeshewa, na mikono yake ilikuwa ikitetemeka, vidole vinapigapiga meza.

"Babu?"

Mzee aliinua uso. Macho yalimpita Chiriku kama hayamwoni. Alisema kitu, lakini maneno yalikuwa yamevunjika, hayashikani.

"Huyo kalewa," alisema msafiri mmoja.

"Kalewa nini! Namjua, hanywi," alijibu Fundi Cherehani, aliyekuwa akipita nje akaingia kwa kusikia vurugu. Alitazama sahani ya mifupa. "Ni chakula! Chakula kimemdhuru! Si mnaiona sahani iliyo mbele yake?"

Mama alitoka mbio, mwiko bado mkononi. Alipoona ile sahani, mwiko ukamponyoka. Akashika nguzo.

"Nimemuua mzee wa watu," alisema. "Nimemuua kwa mikono yangu."

"Mtapisheni!" mtu alipiga kelele. "Maji ya chumvi! Leteni chumvi!"

Mtu mwingine alikuwa tayari ametoka kwenda kumwita Muuguzi wa zahanati. Msafiri akaleta chumvi, akaikoroga kwenye kile kikombe cha kijani. Fundi Cherehani akakishika kichwa cha mzee ili wamnyweshe. Chiriku alisimama katikati yao. Mashine ilikuwa imezimwa, na kwa mara ya kwanza mchana ule palikuwa kimya kiasi cha kusikia pumzi za Babu Dereva, fupi fupi, za juu juu. Mama alikuwa akilia bila sauti.

"Hajala!"

Wote wakageuka.

"Hajala chochote!" Chiriku alipiga kelele, sauti yake mwenyewe ikamshtua. "Sahani hiyo ni ya mtu wa asubuhi! Amejichoma sindano na mimi sikumletea chakula! Nilisimamisha kikombe nikaenda kucheza! Msimpe chumvi, hajala!"

Mama alimtazama kwa muda wa kufumba na kufumbua tu. Halafu akaiachia nguzo. Alikipiga kile kikombe cha chumvi kikaruka mpaka ukutani, akapiga mbio jikoni, akarudi na bakuli la sukari iliyokorogwa kwenye maji ya uvuguvugu.

"Babu, ni mimi. Unanisikia? Meza. Kidogo. Tena kidogo. Vizuri." Alimnywesha kwa kijiko, akingoja ameze ndipo ampe kingine, akimfuta kidevu kwa ncha ya khanga.

Muuguzi alipofika, alimchoma mzee kidoleni, akatazama kipimo chake kidogo, akatikisa kichwa. "Sukari imeshuka sana. Mmefanya vema kumpa hiyo. Mngemtapisha, angepaliwa huyu. Mngekuwa mnanisimulia mengine sasa hivi." Akageuka. "Nani aliyejua kwamba hajala?"

Watu walimtazama Chiriku, naye alitazama sakafu.

Baada ya robo saa hivi, Babu Dereva aliuliza kofia yake iko wapi. Alikula wali wake polepole, Muuguzi amekaa kando yake, kisha wakamsindikiza kwake.

Mama alifunga mlango wa mgahawa mchana kweupe. Akaingia jikoni, akaketi juu ya kigoda. Chiriku alisimama mbele yake akingojea kofi. Kofi halikuja.

"Mwalimu," Mama alisema taratibu, "alisema mchuzi unanuka moshi?"

"Hakusema, Mama."

"Karani wa posta? Wali kuiva sana?"

"Hakusema."

"Fundi? Ule mchanga kwenye maharage?"

"Hakusema, Mama. Mimi ndiye niliyesema."

"Mama Muuza Vitabu? Maji ya kuoshea vyombo?"

Chiriku akatikisa kichwa tu, machozi yakimdondoka kwenye aproni.

Mama alitazama mikono yake, ile yenye vidole vilivyochubuka. "Nimechambua maharage mpaka macho yakaniuma. Nimeambiwa na jirani yangu kwamba chakula ni kitamu, nikamwona mwongo. Mwongo nilikuwa nimelala naye chumba kimoja."

"Nilikuwa nimezidiwa, Mama. Siku ile ya kwanza. Halafu nikaogopa."

"Kwa nini hukuniambia umezidiwa?"

"Watu walinicheka."

Sauti ya Mama ilikuwa imepungua ukali, lakini haikuwa na mchezo. "Hapo nina kosa langu. Sikupaswa kukugongea mwiko mbele za watu. Hilo nitalirekebisha mimi. Lako utalirekebisha wewe. Kesho utapita kwa kila mteja uliyemsingizia na kila uliyemwacha na njaa. Utamwambia ulichofanya. Mimi sitakusindikiza."

Ijumaa Chiriku alitembea kutwa nzima. Alianza kwa Fundi Cherehani, kwa kuwa alikuwa karibu. Fundi alimsikiliza mguu ukiwa juu ya pedali ya cherehani, kinywani ana pini mbili. Alizitoa.

"Kumbe! Na mimi nilidhani mama yako ananinyima chakula kwa ajili ya ile sketi niliyomkatia fupi." Kisha kicheko kikamwisha. "Jana mimi ndiye niliyeropoka kwamba ni chakula. Nilikuwa nimeshakishika kichwa cha yule mzee. Unajua ningefanya nini?" Akazichomeka pini kwenye kitambaa. "Haya, nenda. Umefanya vizuri kuja."

Mwalimu alimpa kiti na kumsikiliza mpaka mwisho. Mama Muuza Vitabu alisema atafikiria. Karani wa posta hakuinua hata macho. "Nilikaa pale saa nzima na mwanangu mgonjwa, ananiuliza, 'Mama, kwani sisi hatuonekani?' Nimekusikia. Sogea, kuna watu nyuma yako." Chiriku alisogea. Aliumia, lakini alijua kwamba yule mama hakudaiwa kumsamehe.

Wa mwisho alikuwa Babu Dereva. Alimkuta amekaa uani, anachomeka waya kwenye redio mbovu. Chiriku alipiga magoti, akasema yote, bila kupunguza.

"Babu, nisamehe. Ningekuua."

"Ungeniua," mzee alikubali, bila hasira. "Kaa hapo, nikwambie kitu. Nimeendesha lori njia za milima, gari kubwa, mzigo mzito. Dereva akiwasha taa ya kukata kulia, halafu akaenda kushoto, unadhani nani anaumia?"

"Yeye mwenyewe?"

"Mara nyingi hapati hata mkwaruzo. Anayeumia ni wa nyuma, yule aliyeiona taa akaiamini. Ndivyo ulivyofanya na kile kikombe. Mama yako alikuwa nyuma yako, anaitazama taa yako. Na mimi nilikuwa ndani ya gari lake." Alimgusa kichwani. "Gari likikushinda, mjukuu wangu, hakuna aibu kusimama na kupiga honi. Aibu ni kuendelea kuwasha taa za uongo mpaka korongoni. Lakini jana ulipiga honi, tena mbele za watu wote. Ndiyo maana leo nachezea redio. Nimekusamehe. Sasa ondoka kabla sijasahau huu waya ulitoka wapi."

Jumamosi asubuhi msimamizi wa kambi alikuja na daftari lake kwapani. Mama alimkaribisha chai, akamwekea na sahani ya maharage. Mgeni alikula, akafuta sahani kwa mkate mpaka ikawa nyeupe.

"Haya, mama, jibu lako? Lori linaondoka saa nane."

Mama alimtazama Chiriku, kisha akaitazama ile sahani nyeupe. "Nilitaka kuja kwa sababu nilidhani mikono yangu imeharibika. Kumbe haijaharibika. Nitabaki na jiko langu, ndugu yangu, na mwanangu."

Chiriku alikimbilia nyuma ya nguzo ili mgeni asione machozi yake.

Adhuhuri watu walianza kuingia. Hawakuwa wote. Karani wa posta hakuja, na Mama Muuza Vitabu alipita tu akachungulia. Lakini Mwalimu alikuja na wenzake wawili, Fundi Cherehani akaja akijitangaza tangu mlangoni, Babu Dereva akahudumiwa wa kwanza kabla hajakaa sawasawa, na kwa kuwa ilikuwa siku ya watu kutoka kazini mapema, wapita njia nao wakaingia. Kufumba na kufumbua meza sita zikajaa. Huyu anataka supu, yule anataka maji ya moto, mtoto kaangusha kijiko. Chiriku alisimama katikati, karatasi mkononi, kichwa kinamzunguka, kama siku ile ya kwanza.

Alivuta pumzi. Akaenda mpaka kidirishani.

"Mama!" aliita kwa nguvu kuishinda mashine. "Nimezidiwa, nisaidie!"

Mgahawa wote ulimsikia. Fundi Cherehani aligeuka na mdomo umeshafunguka, akatazamana na Babu Dereva, akaufunga. Chiriku akawageukia wateja. "Samahanini, jamani. Meza ya nne na ya sita bado sijawafikia. Nitachelewa kidogo."

"Tupo," alisema Mwalimu kutoka meza ya sita, akafunua gazeti lake. "Hatuna haraka hiyo."

Mama alitoka jikoni akijifuta mikono, akachukua sahani tatu kwa mpigo kama alivyozoea enzi za ujana wake. Hakuna aliyeondoka. Walikula wote, na mtu wa meza ya nne aliomba aongezwe mchuzi.

Walipokuwa wakiosha vyombo alasiri, Mama akisugua na Chiriku akisuuza, Mama alisema, "Umeona leo? Wengine wamengoja sawa na baadhi ya wale uliowaacha wakaondoka."

"Nimeona, Mama. Mbona hawakukasirika?"

"Kwa sababu uliwaambia kweli. Mtu mwenye njaa anaweza kungoja, mwanangu, akijua kuna anayemkumbuka. Kazi ikikushinda, sema imekushinda, nasi tutaibeba pamoja. Ukificha, utaibeba peke yako, na itakapokuangukia haitachagua itamponda nani." Akamkabidhi sahani ya mwisho. "Sasa suuza vizuri. Hiyo bado ina sabuni."